Bibi, Mjukuu na Kanisa: Malezi ya Watoto Wadogo Mikononi mwa Babu na Bibi Katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Utangulizi

Katika mahubiri na semina nyingi za familia husikika usemi kwamba hapo zamani kila mtoto alilelewa na baba yake na mama yake, na kwamba kuwaacha watoto wadogo kwa babu na bibi ni uovu wa siku hizi uletwao na miji, fedha na vijana wasio na haya. Usemi huo una nia njema, lakini kihistoria si wa kweli. Tena humuumiza asiyestahili kuumizwa, yaani bibi mzee aketiye kwenye benchi la nyuma kanisani akiwa na mjukuu mapajani.

Makala hii inakusudia kuonyesha historia ya malezi hayo katika pwani ya kusini ya Tanzania, kuanzia Kilwa hata Lindi pamoja na bara yake. Nitadai mambo matatu. Kwanza, malezi ya bibi ni desturi ya kale katika eneo hili, nayo ilikuwa na taratibu zake. Pili, desturi hiyo ilibebeshwa mizigo isiyoandaliwa kuibeba: utumwa, vita, njaa, kazi za mashambani na safari za mjini. Tatu, Kanisa lisipotofautisha kati ya desturi na mzigo, litatoa hukumu mahali panapohitaji msaada.

1. Malezi ya bibi katika desturi za pwani ya kusini

Wengi wa wenyeji wa bara ya Lindi, hasa Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye aliyekuwa na sauti juu yake katika mambo makubwa. Katika utaratibu huo, mtoto aliyepelekwa kwa bibi mzaa mama baada ya kuachishwa ziwa hakuwa amepelekwa ugenini, bali alikuwa amerudi kwao. Bibi hakumfanyia baba wa mtoto hisani. Alikuwa akilea mtu wa ukoo wake mwenyewe.

Tena kati ya babu na bibi kwa upande mmoja na wajukuu kwa upande wa pili kulikuwa na utani. Bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake, na babu humwita mjukuu wa kike mchumba. Wageni wengine waliposikia hayo walidhani ni mzaha mtupu, wala hawakuona kazi yake. Baba na mama walipaswa kuogopwa, na yapo mambo ambayo mtoto hakuweza kuwauliza. Bibi aliyataniwa na kutania, na kwa njia hiyo mtoto alijifunza habari za mwili, ndoa, kifo na nasaba. Utani ulikuwa shule ya awali, kisha zikafuata jando na unyago.

Katika miji ya pwani yenyewe, yaani Kilwa Kivinje, Kilwa Kisiwani, Lindi na Mikindani, sheria ya Kiislamu kwa madhehebu ya Shafi ilikuwa na neno lake. Katika suala la hadhana, yaani haki ya kumlea mtoto mdogo, wa kwanza ni mama; akikosekana mama, haki hiyo humwendea mama yake mama. Hudumu mpaka mtoto afikie umri wa kupambanua mambo, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa miaka 7. Yafaa tukumbuke kwamba hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 huchukulia kuwa ni heri mtoto wa chini ya miaka 7 akae na mama yake, isipokuwa pawepo sababu za kuonyesha vinginevyo, na katika hali za pekee huruhusu mtoto akabidhiwe kwa ndugu mwingine. Basi bibi wa pwani alisimama juu ya nguzo mbili, ukoo wa bara na sheria ya dini ya mjini, na zote mbili zilimtambua kuwa mlezi halali.

2. Utumwa: mtoto asiye na bibi

Ili tujue thamani ya bibi, na tumtazame mtoto aliyenyang'anywa. Mwaka 1850 Johann Ludwig Krapf, Mlutheri kutoka Württemberg aliyetumwa na chama cha misioni cha Kianglikana, alisafiri kwa chombo pamoja na Jakob Erhardt kutoka Mombasa kwenda kusini hata Rasi ya Delgado, akapita Kilwa na Lindi. Huko alisikia habari za maelfu ya watumwa waliopitishwa Kilwa kila mwaka. Hesabu za forodha ya Kilwa, zilizofikishwa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza mwaka 1871, zilionyesha kwamba katika miaka mitano kati ya 1862 na 1867 watu 97,203 walitolewa katika bandari hiyo. 76,703 kati yao walipelekwa Unguja na waliobaki kwingineko. Hao ni wale tu walioandikwa.

Wengi wao walikuwa watoto. Mmojawapo ambaye habari zake zimehifadhiwa ni Swema, msichana wa Kiyao. Mama yake alishindwa kulipa deni, mtoto akachukuliwa na msafara uliokuwa ukienda Kilwa. Mama alimfuata mtoto wake, akafia njiani. Kutoka Kilwa Swema alivushwa mpaka Unguja, na kwa kuwa alikuwa amedhoofu akadhaniwa kuwa hana faida, akazikwa angali hai. Aliokolewa, akapelekwa kwa wamisionari Wakatoliki. Simulizi hiyo ilipita mikononi mwa wamisionari kabla ya kuchapishwa, na mwanahistoria Edward Alpers aliichunguza upya katika maandishi yake ya mwaka 1983. Jambo linalotuhusu hapa ni hili: baada ya kifo cha mama hapakuwa na mtu mwingine wa kumdai mtoto. Mtumwa ni mtu asiye na wa kumdai. Ndiyo maana kuuliza mtoto ana bibi wapi lilikuwa swali la kuuliza kama yeye ni mwungwana.

Historia ya Kanisa katika pwani hii imeanzia mahali hapohapo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Lindi kwenda bara akiongoza zaidi ya watu 50 waliowekwa huru, akawaacha Masasi. Upande wa Walutheri, misioni ya Berlin ya tatu ilipofika Dar es Salaam mwaka 1887, na kisha Kisarawe mwaka 1892, ilipokea watumwa waliokombolewa wakiwamo watoto. Kwa hiyo kati ya watu wa kwanza wa Kanisa letu katika pwani walikuwamo watoto wasio na babu wala bibi. Misioni ikawa nyumba yao, na mmisionari akawa mzee wao. Katika hali ile hapakuwa na njia nyingine. Lakini huenda hapo ndipo tulipojifunza mazoea ya kudhani kwamba mtoto wa Kikristo huanza upya, bila wazee nyuma yake, na kwamba bibi asiye Mkristo ni kikwazo.

Utumwa wenyewe haukukoma kwa siku moja. Mkataba wa mwaka 1873 ulifunga soko la Unguja. Serikali ya Kijerumani haikufuta utumwa, bali iliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru. Ni utawala wa Kiingereza uliofuta hali hiyo kisheria mwaka 1922. Tafakari basi nyumba ambamo bibi alikuwa bado mtumwa kisheria, naye akimlea mjukuu aliyezaliwa huru. Nyumba za namna hiyo ziliwezekana kuwapo katika miji yetu kwa muda wa miaka kumi na sita.

3. Majimaji na njaa iliyofuata

Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi nyuma ya Kilwa, waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa dawa ya maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Vita vilienea hata Songea na Mahenge, na kuendelea mpaka mwaka 1907. Jeshi la Kijerumani lilichoma vijiji, likaharibu mashamba na kutwaa vyakula, hata njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Mtafiti Gilbert Gwassa, ambaye aliishughulikia sana historia hii, alikadiria kwamba waliokufa ni kati ya 250,000 na 300,000.

Vita huua kwanza watu wa makamo, yaani wale ambao kwa kawaida ni wazazi. Njaa nayo huwaandama wazee na watoto. Kwa hiyo mzigo wa kuwatunza walionusurika ulikiangukia kizazi cha wazee ambacho nacho kilikuwa kimepukutika. Desturi ilikuwa na nafasi ya mtoto mmoja au wawili kwa bibi, huku wazazi wakilima shamba la jirani na mjomba akileta nyama. Haikuwa na nafasi ya wajukuu wote kwa pamoja, bila wazazi, bila mjomba, bila mbegu ghalani.

Hata hivyo, mabaki hayo ya wazee yalifanya kazi moja kubwa. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walitumwa kukusanya habari za Majimaji kwa wazee vijijini. Wengi wa wazee waliohojiwa walikuwa watoto au vijana wakati wa vita, nao walieleza waliyoyaona pamoja na waliyosimuliwa na waliowatangulia. Kwa namna hiyo habari za vita hivyo kwa upande wa waliopigwa zimetufikia kwa kuwa wazee waliwasimulia wajukuu. Sisi wa vyuo vya theolojia tunaosoma historia ya Kanisa kwa kutegemea majalada ya misioni tusisahau jambo hilo.

4. Manamba, karanga, korosho na machinga

Baada ya vita ulikuja wakati wa safari. Mashamba ya mkonge ya Lindi na ya Tanga yalihitaji watu, nao walioandikishwa kwa namba wakaitwa manamba. Baadaye, mwaka 1947, Waingereza walianzisha mpango wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake vitatu pamoja na Kongwa na Urambo. Mpango huo uliachwa mwaka 1951 baada ya kula paundi milioni 36 hivi. Wanaume wa kusini walizoea kwenda na kurudi, na mara nyingine kutorudi. Hata hivyo, katika kipindi hicho kwa kawaida mama alibaki nyumbani, na bibi alikuwa msaidizi wake.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja kwa njia ya korosho. Zao hilo ndilo lililowapa watu wa Lindi na Mtwara fedha. Mavuno ya nchi nzima yalifikia tani 145,000 hivi katika msimu wa 1973/74, kisha yakaporomoka hata kufikia tani 17,000 hivi msimu wa 1986/87. Sababu zilikuwa kadhaa: watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei duni, na ugonjwa wa ubwiri unga. Kijana aliyezaliwa wakati wa mavuno mema alikua bila kuona faida ya jembe. Akaenda Dar es Salaam.

Huko alibeba bidhaa begani akiziuza barabarani, na jina lake likawa machinga. Kama wengi wanavyoeleza, jina hilo limetokana na Wamachinga, kabila la Lindi, kwa kuwa vijana wa kusini walikuwa wengi katika biashara hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Leo neno hilo hutumika kwa mfanyabiashara yeyote mdogo wa mtaani, awe ametoka Mbeya au Mwanza. Walio wengi hawafikiri kwamba nyuma ya neno hilo kuna vijiji vya pwani vilivyobaki na wazee na watoto. Safari hii hata akina mama waliondoka. Mtoto akaletwa kwa bibi kabla hajatimiza miaka miwili, au akazaliwa mjini na kutumwa kwa basi pamoja na mfuko wa nguo. Njia yenyewe ilikuwa ya taabu. Mpaka Daraja la Mkapa, lenye urefu wa meta 970, lilipofunguliwa katika mto Rufiji mwaka 2003, wasafiri walitegemea kivuko, na masika yalipozidi, Kilwa na Lindi zilikatwa na mji mkuu wa biashara kwa siku nyingi. Mama aliyeahidi kuja Krismasi aliweza kuja Pasaka, au asije.

Hapo tukumbuke pia ndugu zetu wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983. Huko bibi walipokea wajukuu kwa sababu ya kaburi, si kwa sababu ya basi. Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya KKKT ilianzisha Huduma ya Watoto, ijulikanayo kama HUYAWA. Na tangu mwaka 2003 mradi wa Kwa Wazee huko Nshamba, wilayani Muleba, umewapa wazee walezi pensheni ndogo ya fedha taslimu. Zanzibar nayo ilianza mwezi Aprili 2016 kuwalipa wazee wote wenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Mifano hii yaonyesha kwamba mahali ambapo msiba ulionekana wazi, Kanisa na jamii zilitambua kwamba bibi ni mlezi anayehitaji kutegemezwa. Katika pwani ya kusini, ambako wazazi wengi wangali hai lakini mbali, bibi haonekani katika hesabu ya mtu yeyote. Mtoto wake si yatima. Basi hana fungu.

5. Jambo lililobadilika

Kutokana na historia hii twaweza kutofautisha malezi ya namna tatu. Yako malezi kwa desturi, ambapo mtoto hukaa kwa bibi huku ukoo mzima ukiwa karibu. Yako malezi kwa msiba, ambapo wazazi wamekufa. Na yako malezi kwa safari, ambapo wazazi wanaishi, lakini kazi yao iko mahali pasipofaa mtoto mdogo. Kwa macho ya mpita njia yote hufanana: mwanamke mzee, mtoto mdogo, kibanda cha makuti. Lakini kwa kwanza bibi ni mmoja wa walezi kumi. Kwa pili na kwa tatu yu peke yake.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Watu hulitumia neno hili kumlaumu mzazi asiyeomba ushauri. Mimi nadhani lafaa kusomwa kwa niaba ya bibi. Ada ya shule ya msingi ilifutwa tangu mwaka 2002, na mwaka 2016 elimu ilianza kutolewa bila ada hadi kidato cha nne. Hata hivyo sare, madaftari, sabuni na mafuta ya taa havikufutwa. Bibi anayeuza vitumbua asubuhi hulipia hayo, na usiku humwamsha mtoto mwenye homa na kumbeba mgongoni kwenda zahanati, naye mgongo wenyewe unamwuma.

6. Ushuhuda wa Maandiko

Maandiko hayakunyamaza juu ya jambo hili. Yakobo alipokuwa mzee aliwatwaa Efraimu na Manase, wana wa Yusufu, akawahesabu kuwa wanawe mwenyewe (Mwa. 48:5). Naomi, aliyerudi Bethlehemu mikono mitupu, alimpokea Obedi kifuani akawa mlezi wake, na wanawake wa jirani wakamtaja mtoto huyo kuwa ni wa Naomi (Rut. 4:16-17). Paulo anapoitaja imani ya Timotheo, haanzi na mama bali na bibi yake, Loisi (2 Tim. 1:5). Tena anaagiza kwamba watoto na wajukuu wajifunze kuwalipa wazee wao (1 Tim. 5:4). Agizo hilo la mwisho husomwa mara chache kwa vijana wetu walioko mjini.

Wala Biblia haimfanyi kila bibi kuwa mtakatifu. Athalia aliangamiza uzao wa kifalme, wakiwamo wajukuu wake, na Yoashi akaokolewa na shangazi yake (2 Fal. 11:1-3). Kwa hiyo hatusemi kwamba malezi ya bibi ni bora kuliko ya wazazi. Twasema tu kwamba Mungu ameyatumia, na kwamba yule ambaye Mungu amemtumia Kanisa lisimwulize amepata wapi mamlaka.

7. Kosa moja la kichungaji

Sipendi kuandika mambo haya kana kwamba nawafundisha wengine. Miaka kadhaa iliyopita nilitumika katika usharika mmoja wa pwani. Walutheri wa huko ni wachache, na walio wengi ni watumishi wa serikali kutoka mikoa mingine. Siku moja alikuja bibi mwenyeji, Mkristo wa siku nyingi, akiwa na mjukuu wa miaka mitatu. Aliomba mtoto abatizwe. Mama alikuwa Dar es Salaam akiuza nguo za mitumba. Baba hakujulikana alipo. Nilimweleza kwa upole utaratibu wetu: mama aje kwanza, akae na wazee wa usharika, arejeshwe kundini, ndipo mtoto abatizwe. Bibi alikuja mara ya pili, nikamweleza yaleyale. Alikuja mara ya tatu. Kisha hakuja tena.

Baada ya miaka miwili nilipita kijijini kwake. Mtoto alikuwa akitoka chuoni pamoja na watoto wa jirani, ubao wa kuandikia mkononi, akanisalimu kwa adabu nzuri. Nilipomwuliza bibi, hakunikaripia. Alisema, “Baba Mchungaji, uliniambia nimlete mama yake. Mama yake ni mimi. Yule wa Dar es Salaam humwita dada.” Sina la kumlaumu mwalimu wa chuo. Yeye alimpokea mtoto kutoka mkononi mwa bibi bila kuuliza zaidi, kama sheria ya dini yake ilivyomfundisha tangu zamani. Mimi niliyefundishwa kwamba ubatizo husimama juu ya ahadi ya Mungu, wala si juu ya ustahili wa mzazi, ndiye niliyemrudisha.

Niliomba msamaha, naye akanikaribisha uji. Mtoto huyo sikumbatiza.

Hitimisho

Kutokana na hayo napendekeza mambo machache kwa watumishi na wanafunzi wa theolojia. Kwanza, katika kitabu cha ubatizo, pamoja na majina ya wazazi, pawepo nafasi ya jina la mlezi, na mlezi huyo ahesabiwe kuwa mwenye haki ya kumleta mtoto. Nidhamu ya Kanisa juu ya wazazi iendelee kwa njia yake, lakini isipite juu ya mgongo wa mtoto. Pili, mafundisho ya Katekisimu yaandaliwe kwa namna ambayo bibi asiyejua kusoma aweza kuyasimulia nyumbani; kusimulia ndiyo kazi anayoiweza kuliko sisi. Tatu, idara za diakonia zihesabu nyumba za wazee walezi bila kungoja mtoto awe yatima. Nne, sharika za mijini ziwatafute vijana wa kusini walioko masokoni, ziwakumbushe kwa upole kwamba wana mama huko nyumbani na wana watoto wanaowaita kaka na dada.

Ndugu wasomaji, tukiitazama pwani hii tangu siku za misafara ya Kilwa, twaona kwamba mara nyingi mtoto alikuwa salama pale tu alipokuwapo mzee wa kumdai. Bibi akija mlangoni akisema, “Huyu ni wangu,” neno hilo na litutoshe kwa kuanzia.